Kilo za Mama Orly

Scholastique alivua viatu. Akavua saa, akavua hereni, akavua hata kitambaa cha kichwa, maana kitambaa nacho kina uzito wake. Akabaki na blauzi na kikwembe kimoja, nywele zake chache zikionekana mbele ya wanaume, akapanda juu ya mizani ya magunia.

"Simama katikati, Mama Orly," alisema Fabrice, shemeji yake. "Usiogope. Sasa hivi bascule ilibeba magunia mbili ya maharagwe, na haikulia."

Wabeba mizigo walicheka. Kila Jumamosi walicheka, na kila Jumamosi walikuwa wamesogea karibu kidogo kuliko ile iliyopita.

Chuma kilikuwa na vumbi la maharagwe. Mshale ulipanda, ukayumba, ukatulia.

"Cent sept!" Fabrice aliita, kwa sauti ileile anayoitia magunia.

Gertrude, mama mkwe, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa depo, ghala la maharagwe la familia, fimbo kati ya magoti. "Na juma iliyopita?"

"Cent sept, mama."

"Mia moja na saba," alisema Gertrude, polepole, ili hata wapita njia wa mtaa wa Mudzipela wasikie. "Ngombe zangu ziko mu ile tumbo. Banganga ba Kampala balikata tumbo, balitupa kipande kubwa. Naona ile kipande balitupa njo ilikuwa na ngombe. Mafuta baliacha."

Wakacheka tena. Adolphe, mume wa Scholastique, hakucheka. Alikuwa nyuma ya meza yake ndani ya depo, kidole kinatembea juu ya simu.

"Shuka," alisema bila kuinua macho. "Magunia inangojea."

"Sikia, mutoto," Gertrude alimwambia Scholastique aliyekuwa anatafuta viatu vyake kwa mguu. "Imebaki juma moja. Jumamosi ya mbele ya Pasaka utapanda tena. Namba ikiwa bado na 'cent', Solange ataingia mu nyumba ya mutoto wangu. Mungu anisamehe, lakini siwezi kufa bila kuona mujukuu mwanaume."

Solange alikuwa msichana aliyetoka Bambu, milimani. Familia yake ilikimbia vita, sasa anakaa kwa shangazi yake, mtaa wa Shari. Alikuwa ameshaletwa mara mbili kusalimia. Alipika samaki, akaosha sahani, akatazama chini. Hakuna aliyemwuliza kama anataka.

Ng'ombe zenyewe zilikuwa za kweli. Zilibaki chache tu baada ya zile nyingine kuibiwa milimani, zikateremshwa mpaka mjini Bunia kwa miguu, na Gertrude aliijua kila moja kwa jina. Aliziuza ili mke wa mtoto wake akakatwe tumbo, apungue uzito. Watu wa kanisa walisema, tazama upendo. Upendo gani? Scholastique alikuwa na ugonjwa wa sukari, alikuwa na magoti yanayolia, lakini kwa sukari na magoti hakuna aliyeuza hata kuku. Tumbo la uzazi ndilo lililotafutwa. Alikuwa amezaa mara moja, akapata Orly, msichana, sasa yuko shuleni kwa masista. Daktari wa Kampala alisema: mama akishuka chini ya mia moja, tutaweza kuzungumza habari ya mimba. Alisema vile mtu anavyosema mvua ikinyesha tutapanda. Gertrude aliisikia kama kiapo.

Ng'ombe zikaenda. Scholastique akaenda, akarudi na tumbo la chakula lenye ukubwa wa ndizi.

Tangu hapo alikuwa anakula vijiko vya uji, vipande vya samaki, yai. Maji aliyanywa kidogo-kidogo kama dawa. Akiharakisha, anatapika nyuma ya jiko, na jirani wanamsikia. Nywele zilitoka na kitana. Kwenye matanga alikuwa na maadui wawili. Akikataa sahani: Mama Orly anadharau chakula yetu. Akiipokea: unaona, njo sababu hakondi. Asubuhi alitembea kwa miguu kutoka Mudzipela mpaka Shari, kwa sababu daktari aliagiza kutembea, na wenye moto, zile pikipiki za kubeba watu, walimpigia kelele: "Mama, panda! Utaanguka, nani atakuokota?" Mmoja alisema kuna watu wa kambi ya wakimbizi wanaolala njaa bure, na huyu analipa ili alale njaa. Alicheka mpaka akakaribia kugonga mtaro. Scholastique akazidi kutembea.

Na uzito ulishuka. Polepole, lakini ulishuka. Kuna majuma ulisimama kabisa, kama punda aliyekataa njia, naye Scholastique akapiga simu Kampala akilia, na daktari akamwambia mwili haufanani na mwili mwingine, polepole si kushindwa, endelea, mama. Pete ilianza kuzunguka kidoleni. Kikwembe kilimzunguka, kipande kikabaki. Fundi wa nguo aliingiza mishono mara tatu. Kwenye kituo cha afya cha Shari, infirmier, muuguzi wa pale, alimpandisha juu ya mizani ndogo na kusema quatre-vingt-seize. Tisini na sita. Scholastique alimwomba arudie. Akarudia, akamwandikia karatasi.

Gertrude hakuichukua hata mkononi.

"Karatasi? Mu Bunia hii karatasi inauzwa ku barabara kama karanga. Utapata ile ya kusema uko bikira. Bascule yetu haina jamaa. Haina njaa. Haikule matabishi wala rushwa. Hata pasta aliiombea siku tulifungua depo."

Familia nzima ilitikisa kichwa kukubali. Ilikuwa kweli kwamba karatasi zinauzwa. Kila mmoja pale alikuwa ameshanunua moja.

Adolphe alikuwepo siku ile. Alitikisa kichwa pamoja nao.

Scholastique alimfuata chumbani mchana uleule, akafunga mlango.

"Papa Orly, weye unajua ile bascule."

"Sema polepole, batasikia."

"Unajua. Siku fundi aliifungua kuigeuza niko pale, nilimuletea chai. Gunia ya kilo makumi ine na tano inapanda, inasoma makumi tano, cinquante. Na miye pia nikipanda inaniongezea. Nimetoka Kampala nimeshuka, mama yako ananipima, inasoma nimepita ile kilo balipima Kampala mbele ya operesheni! Tangu siku ile banasema ninakula kwa kujificha. Unasikia banasema, unanyamaza."

"Nifanye nini?"

"Mwambie mama yako."

Adolphe alikaa kitandani. Alikuwa mtu mwenye sauti ndogo, asiyewahi kumpiga, na watu walimsifia hilo.

"Mama ni mushemasi," alisema. "Akijua, atalia mu kanisa mbele ya batu. Batu ba ile organisation ya musaada banatununulia maharagwe ya camp, siku mbili kontra, mukataba yetu, imekufa. Fabrice atakula nini? Orly atasoma na nini? Na weye, Scholastique. Unafikiri operesheni ilikuwa ngombe tupu? Ngombe zilifika nusu. Nusu ingine ilitoka wapi?"

Akaonyesha upande wa depo kwa kidevu.

"Ilitoka mu ile bascule," Adolphe alisema. "Ulipanda gari ya Kampala na feza yake. Basi vumilia. Kauka tu. Ukikauka kweli-kweli, bascule nayo itakubali."

Scholastique alihesabu kichwani. Ili ile mizani isome chini ya mia, ilibidi ashuke mpaka chini ya tisini. Hakuna daktari aliyemtaka afike huko kwa Pasaka. Juma lile alikula kijiko asubuhi, kijiko jioni. Siku ya tatu alianguka karibu na kisima, akaamka peke yake, akapangusa udongo usoni kabla mtu hajaona. Hata hivyo aliendelea. Alijua ni upumbavu, akaendelea.

Jumamosi ya Pasaka lori la lile shirika la msaada lilikuwa limeshafika. Blanchard, agent wa shirika, alisimama karibu na mizani na gilet yake, kizibao chenye mifuko mingi. Kando yake kulikuwa na mama mmoja mwembamba, Immaculée, ambaye wenzake wa kambi walimchagua aje kuangalia magunia yakipimwa. Alikuwa amefunga mikono kifuani. Kila gunia likipanda, midomo yake ilitikisika kwa kuhesabu.

"Ngoja kidogo, monsieur Blanchard," Gertrude alisema. "Tuko na mambo ya familia, haikawie. Scholastique!"

Scholastique alivua viatu. Akapanda.

Mshale ulipanda, ukayumba. Fabrice aliinama, akatazama kaka yake Adolphe, akatazama tena mshale.

"Cent cinq."

"Mia moja na tano," Gertrude alisema. Hakuinua sauti. Alionekana amechoka. "Imekwisha. Shuka, mwanangu. Enda ufunge bintu yako."

"Sishuki."

"Ati?"

"Sishuki mama. Hii bascule ni ya bongo, inadanganya."

Kicheko kikapasuka, kikubwa kuliko vyote. Mbeba mzigo mmoja alikaa chini juu ya gunia akishika mbavu. "Mutu munene anakasirikia bascule!" alisema. "Kesho atakasirikia mulango!"

"Inaongeza," Scholastique alisema. Sauti yake ilitetemeka kwa njaa, na watu wakafikiri ni kwa haya. "Ku Shari ninapima chini ya mia. Hapa inaongeza kilo kumi juu yangu. Na ku kila gunia inaongeza kilo tano. Uliza Papa Orly. Uliza Fabrice, njo anasoma! Mama, siyo mimi nakula kwa kujificha. Ni hii."

Adolphe alitoka nyuma ya meza. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mgonjwa wake.

"Monsieur Blanchard, musamehe. Tangu operesheni, kichwa yake haiko sawa. Hakuli. Banganga balituambia itafika."

"Nimeona, nimeona," Blanchard alisema. Hakuonekana kushtuka. Aligonga kibandiko cha serikali ubavuni mwa mizani kwa kalamu yake. "Cachet ya l'État hii hapa, mama. L'État imepima, weye unakataa?"

"Weye unajua pia," Scholastique alimwambia.

Blanchard akaacha kutabasamu. "Adolphe, shusha bibi yako. Niko na camp tatu leo."

Fabrice akamshika mkono, si kwa nguvu. Scholastique akashuka. Nafasi ilibaki tupu, na kabla hawajaweka gunia, Immaculée akavua sandali zake na kupanda yeye. Hakumwomba mtu ruhusa.

"Weye unatafuta nini huko?" Fabrice alisema.

"Soma," Immaculée alisema.

"Shuka, mama."

"Soma. Jana banganga ba camp balinipima, mimi na batoto. Balisema quarante-deux, arobaini na mbili. Balisema ni kidogo sana kwa mutu mukubwa. Soma."

Fabrice hakusoma. Blanchard ndiye aliyeinama.

"Quarante-sept," alisema, halafu akapiga makofi mara moja, kwa furaha. "Eh! Arobaini na saba! Unaona, mama? Kutoka jana mpaka leo! Ile maharagwe banalalamikia, njo inanenepesha hivi." Akageuka kwa wabeba mizigo ili nao wacheke, na baadhi walicheka. "Nitaandika ku rapport: ku camp batu beko banarudia afya."

Immaculée alibaki juu. Alitazama mshale. Kisha akaushika mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, kwa vidole vya mkono wa kulia, na vidole vikakutana, vikapitana. Akatazama tena mshale.

Gertrude alikuwa ameinuka kwenye kiti. Hakuna aliyemwona akiinuka. Alimtazama yule mama wa kambi, akatazama mkono ule, halafu akamtazama mtoto wake Adolphe, kwa muda mrefu, na Adolphe akatazama barabara. Midomo ya mama mushemasi ilifunguka. Scholastique aliona. Aliona kwamba mama mkwe amejua, sasa hivi, hapa, kila kitu kimeingia. Akangoja.

Gertrude akafunga midomo. Akakaa tena, akaweka fimbo kati ya magoti.

"Fabrice," alisema. "Kesho nyuma ya ibada uende Shari, uchukue Solange. Enda na moto, asitembee mu vumbi."

"Mama," Scholastique alisema.

"Na weye mama wa camp, shuka," Gertrude alisema, bila kumtazama. "Unachelewesha chakula ya batoto bako."

Immaculée akashuka. Alivaa sandali zake akiwa ameshikilia bega la Scholastique ili asianguke, na Scholastique naye alikuwa anashikilia gunia. Walisimama hivyo. Mmoja alikuwa na kitu cha kupeleka kambini kabla watoto hawajalala, mwingine alikuwa na nguo za kufunga.

"Tuendelee!" Blanchard alisema.

Wabeba mizigo wawili walilitupa gunia juu ya mizani. Mshale uliruka, ukaenda huku na huku.

"Cinquante!" Fabrice aliita, kabla haujatulia.