Habari za Nyumbani Kwanza

Dukani kwa Motiben, nyuma ya soko la Malindi, huuziwi hata kiberiti kabla hujaulizwa habari za nyumbani. Nani anaumwa, nani kajifungua, yule mkwe mkorofi karudi? Ukijitia una haraka, utasubiri mpaka haraka ikutoke. Watu wamelalamika miaka arubaini, na duka jingine hawaendi.

Sasa Motiben alikuwa anafunga. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ya jana na ya zamani yalianza kumchanganyikia, na Ijumaa bintiye Hetal angemchukua wakaishi Mombasa. Ndipo Kahaso, msichana aliyesomea filamu, akaja na kamera kutengeneza filamu ya dakika kumi. Ndivyo alivyowaambia watu. La moyoni hakulisema: mamake, Kabibi, muuza mahamri, alikuwa mteja wa hapa, na alifariki Kahaso akiwa na miaka minane. Kumbukumbu yake ya mwisho ya mama ni kipigo alichopewa hapo mlangoni kwa kumwaga iliki. Miaka ishirini alijiuliza kama mama huyo alimpenda. Labda Motiben alikuwa na neno.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Kahaso hakuinama. Alifanya alivyofunzwa chuoni: feni akaizima, wateja akawatoa nje, mlango akaurudisha. Motiben akakaa wima, akazungumza kama anayetoa taarifa kwa chifu. Duka lilifunguliwa zamani. Mume alikuwa mtu mwema. Ahsante. Kahaso akamuuliza kuhusu Kabibi wa mahamri.

"Kina Kabibi ni wengi, mwanangu," akajibu mama wa watu.

Kahaso aliona uchungu, nusura alie. Akaiwasha feni, akafungua mlango, akawaita watu warudi. Kamera akaiacha isimame peke yake. Harufu ya bizari na ubani ikapanda na joto la mchana, mwanga ukaingia mwembamba wenye vumbi la unga, na duka likawa kama linaelea. Sauti zikaja na kwenda. Motiben alicheka, alikemea, aliuliza mahindi ya Jilore yameotaje. Kahaso, asijue amefikaje, akajikuta kwenye foleni na zamu ni yake.

"Shikamoo, mama. Nataka hamira na iliki. Za kijani, usinipe zilizopauka."

Motiben akainua uso. Macho hayakuona kitu, lakini sauti aliijua.

"Marahaba. Kabibi! Umepotea wapi wewe? Mtoto hajambo?"

Kahaso akaishika kaunta kwa mikono miwili. Angeweza kumsahihisha bibi wa watu, na ulimi ukakataa.

"Hajambo," akasema. "Amekua mkubwa. Anapiga filamu."

"Vyema. Maana siku ile ulinitia huzuni. Wamchapa mtoto asubuhi, jioni waja kwangu walia kwa kwikwi. Waniambia si yeye uliyemchapa, ni maradhi yaliyokushika na humwambii mtu. Wasema, 'Nitamwacha na nani, na ndiye roho yangu?' Nikakwambia nenda kamwombe radhi. Ulimwomba?"

Kabibi hakuwahi. Wiki ya pili yake walimzika. Machozi yalimshuka Kahaso hadi kidevuni, asiyafute.

"Nilimwomba, mama," akasema. "Akanisamehe."