Koti la Hija

Tangu walipokuwa wasichana wenye miguu myepesi na akili nyepesi zaidi, Tryphosa na Jepchumba walikuwa wakienda pamoja kila mwaka hija ya Subukia, kwenye kituo cha Bikira Maria. Walitoka Eldoret kwa miguu, wakalala kwenye madarasa ya shule za njiani, wakafika wamechubuka na wenye furaha. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho. Tryphosa alikuwa amestaafu ualimu, nyumba yake ya mtaa wa West Indies mjini Eldoret ilikuwa imepata mpangaji, na Desemba angerudi kwao Kimilili. Jepchumba angebaki Kiplombe na ng'ombe wake. Ndiyo maana Tryphosa alitaka wafike Subukia bega kwa bega, mara hii kuliko mara zote. Aliitaka safari hiyo mpaka akawa anaiota.

Walipoondoka mjini asubuhi na msafara wa parokia, baridi ikiuma masikio, kila kona ilimkumbusha jambo. Hapa ndipo viatu vya Jepchumba vilipokatika, akatembea na soksi mpaka jioni. Pale ndipo walipokula mayai ya kuchemsha bila kujua ni ya padri, ikabidi wakaungame kwake yeye mwenyewe. Ngano ilikuwa imeiva pande zote mbili za barabara kama miaka ile, ingawa mashamba mengine sasa yalikuwa yameota nyumba za kupangisha. Tryphosa alicheka peke yake, kisha akahuzunika, kisha akacheka tena.

Jepchumba hakucheka sana. Alikuwa amevaa lile koti zito la kijani, zawadi ya jumuiya yao, na kila mara alikuwa akibaki nyuma.

"Si uvue hiyo koti, Mama Collins? Jua imetoka."

"Iko sawa tu, Mwalimu."

Walipofika kijiji cha Plateau, Jepchumba aliketi kwenye nyasi kando ya barabara na hakuinuka. Alipopandisha sketi kidogo, Tryphosa aliona goti limevimba mpaka ngozi inang'aa.

"Hii imeanza lini?"

"Kitambo."

"Na hukuniambia."

"Nilisema kwa jumuiya, mbele yenu wote. Nilisema mniombee juu ya koti, baridi ikija nateseka. Mkaenda mkanunua nguo."

Tryphosa aliikumbuka vizuri siku hiyo, kwa sababu ni yeye aliyepitisha kapu la mchango. Kwa Jepchumba, kama kwa wengi waliokua wakiongea Kikalenjin, goti na koti hutoka kinywani sawasawa. Wengine walikuwa na udhuru. Yeye alikuwa ameusikia ulimi huo karibu maisha yake yote.

"Si ungetuambia tumekosea?"

"Mlikuwa mmefurahi sana. Halafu ni koti nzuri."

Hapo kicheko kiliwapata wote wawili, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Cha Jepchumba kilipoisha, machozi ya Tryphosa yaliendelea. Alikuwa na hasira na goti, na koti, na masikio yake mwenyewe, na Desemba.

Kituyi, kiongozi wa msafara, alirudi nyuma kuona kuna nini. "Mama aingie kwa pikapu yetu ya mizigo apelekwe hospitali ya misheni," alisema. "Mwalimu, wewe twende. Mvua itatupata."

"Mimi siingii gari nikiwa kwa hija," Jepchumba alisema. "Hospitali ni hapo tu, nitajikokota. Mwalimu, enda. Mmoja wetu afike."

Tryphosa aliwatazama mahujaji wakijipanga, bendera ya Bikira Maria mbele. Alitaka kwenda. Alitaka sana, na kulikubali hilo kulimuuma.

"Nendeni," alimwambia Kituyi.

Wimbo wao ulipotelea kwenye kona, Tryphosa akalia waziwazi, akiwa mtu mzima na wajukuu. Jepchumba alimwacha alie, akampa kitambaa. Kisha wakashikana mikono, wakaanza kutembea hatua fupi fupi, wakisimama kila goti lilipogoma.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza maziwa langoni kwake aliona rozari shingoni mwao.

"Wamama, mnaenda wapi?"

Lango la hospitali lilionekana kutoka pale. Tryphosa, aliyekuwa hajawahi kumwachia mwanafunzi uongo hata siku moja, aliisikia mikono ya rafiki yake ikimkaza.

"Subukia," alijibu.

"Basi mkifika mniombee kijana wangu. Alienda Nairobi, hata simu hashiki. Anaitwa Kiprotich."

"Tutamwombea," Jepchumba alisema.

Walisonga mbele kidogo, wakatazamana. Hakuna aliyetamka kwamba hawatafika. Wakasimama pale pale, malori yakiwapita. Tryphosa akavua rozari shingoni, wakaanza kumwombea Kiprotich, Jepchumba akimwegemea kwa uzito wake wote.