Mchoro wa Jiko kutoka Mutsamudu

Kwa miaka sita Echat alipika kwenye banda la bati nyuma ya nyumba yake mjini Moroni. Nyumba ilikuwa yake kweli, maana Ngazija nyumba ni ya mwanamke; aliachiwa na bibi yake mzaa mama. Yeye mwenyewe alizaliwa ng'ambo, Majunga, akarudishwa visiwani mwaka 1977 pamoja na maelfu ya wenzake waliokimbia mauaji, akiwa na binti mgongoni na sufuria moja mkononi. Banda alilikuta, akalitumia. Mvua ikinyesha, binti yake Sitti alishika mwavuli juu ya chungu.

Mwaka 1983 mumewe, Djaanfar, karani wa posta, alitangaza kwamba wataongeza chumba kwa nyuma na jiko litaingia ndani. Echat alifurahi mpaka alipoonyeshwa mchoro.

"Hii nini katikati?" aliuliza.

"Meza. Na viti vinne." Djaanfar alikuwa amepeleka kifurushi nyumbani kwa mwalimu mmoja Mfaransa, akachungulia jikoni kwake, na tangu siku hiyo hakuwa na raha. "Na hapa kabati za ukutani, kuta zote nne."

"Baba Sitti, hii ni sebule iliyowekewa jiko la gesi."

"Ndivyo wanavyopika watu siku hizi."

"Wanapika wangapi kwa pamoja?"

Djaanfar alifikiri. "Nilimwona mmoja."

"Mimi nikiwa na shughuli tunaingia wanne, na mmoja wao ni shangazi Moinafouraha. Huyo peke yake ni meza na viti vyake."

Walibishana wiki nzima, kwa adabu, wakiwa wanakula. Mwishoni Djaanfar alisema, "Nenda Mutsamudu kwa dada Bahiat. Kajenga jiko mwaka jana na mpaka leo hana hadithi nyingine. Akisema wewe ndiye uliye sawa, mimi nanyamaza." Alikuwa na hakika dada yake wa tumbo moja hatamwangusha.

Echat akapanda ndege ndogo, akashuka kisiwa cha Nzwani, na kabla ya adhuhuri alikuwa anapanda ngazi za nyumba ya Bahiat, katikati ya vichochoro vya mji wa kale ambako watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Bahiat alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, asiyejua kunong'ona. Echat alitoa futi aliyopewa na mumewe, akaanza kupima meza ya saruji ya kupikia.

"Weka chini hiyo, wifi," Bahiat alisema. "Jiko halipimwi kwa macho. Pika kwanza."

Echat akapika humo siku mbili: majani ya muhogo kwa nazi, samaki, wali, mikate ya kumimina. Siku ya kwanza aligonga kiwiko mara tatu. Siku ya pili hakugonga. Alitambua kwamba akitoka kwenye maji kwenda kwenye moto hakuvuka njia ya mtu, na kwamba moshi ulipanda wenyewe kwenye dohani bila kumpitia machoni. Kule Moroni alikuwa amezoea kupika akilia, mpaka akasahau kwamba si lazima.

Siku ya tatu alikuja fundi Houmadi, aliyelijenga jiko lile. Alikuwa mzee mkavu, mpole, na kipimo chake kilikuwa kamba yenye mafundo.

"Kata kitunguu, mama," alimwambia Echat.

"Sina kitunguu."

"Jifanye unacho."

Echat akakata hewa. Houmadi akapima kutoka sakafuni hadi chini kidogo ya kiwiko chake, akafunga fundo. Kisha akawaomba mawifi wawili wasimame, wapeane migongo, na kila mmoja ainame kama anayekoroga chungu.

"Fundi, na heshima zako zote!" Bahiat alipiga kelele huku akiinama.

"Heshima ndiyo hii," Houmadi alijibu, akifunga fundo jingine. "Nikikosea hapa, mtagombana miaka ishirini."

Alichora jiko zima nyuma ya kalenda kubwa ya ukutani: pembe, mishale ya njia, vipimo. Hakusoma shule ya Kifaransa. Alisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, kwa hiyo maelezo yote aliyaandika kwa herufi za Kiarabu. Aliahidi kuvuka kuja Moroni baada ya wiki tatu. Bahiat, alipoulizwa uamuzi wake, alisema kwa sauti iliyosikika vichochoro vitatu, "Mwambie ndugu yangu kwamba meza ni ya kula, na jikoni watu hawali, wanapika!"

Echat alirudi akiwa ameikumbatia ile karatasi iliyokunjwa. Kutoka uwanja wa ndege alipanda teksi pamoja na abiria wengine watatu. Kabla ya kufika Itsandra walikuta gogo barabarani na askari.

Nyakati zile haikuwa ajabu. Tangu mwaka 1978, wazungu wa kukodiwa walipoleta serikali mpya kwa bunduki, mtu alizoea kusimamishwa na kufunguliwa mkoba. Lakini wiki ile kulikuwa na uvumi wa njama, na mamluki aliyekuja dirishani, mzungu mrefu mwenye sare nyeusi, hakuwa na uso wa utani. Aliiona karatasi.

"Nini hii?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Jiko," Echat alijibu.

Mzungu aliitandaza kalenda juu ya boneti. Akaona kuta na mishale inayoingia na kutoka. Akaona herufi asizozijua. Akakunja uso. "Nani amechora? Jengo gani hili?"

Kule Majunga Echat alijifunza jinsi neno moja la mtu mwenye silaha linavyoweza kugeuza siku. Akasema tena, taratibu, "Ni jiko langu. La kupikia."

Mzungu akamwita askari mmoja Mngazija, mtu wa makamo mwenye tumbo. "Soma!"

Askari akainama, akafuata maandishi kwa kidole. "Hapa... moto. Hapa maji. Mshale huu... njia ya mwenye chungu cha moto." Akasita. Akasogeza uso karibu. "Hapa pameandikwa... makalio ya watu wawili, na kiganja kimoja cha ziada."

Ndani ya teksi mtu alikohoa, halafu mwingine, halafu wote wakapasuka kwa kicheko, dereva akilalia usukani. Askari akajikaza, akatafsiri kwa Kifaransa neno kwa neno. Mzungu alimtazama Echat. Echat akatazama barabara.

Lakini askari hakuwa amemaliza. Alikuwa bado anauchunguza mchoro, paji limekunjamana.

"Mama," alisema, "mbuzi atakaa wapi?"

"Mbuzi?"

"Mbuzi! Utakunia wapi nazi? Ukikaa hapa miguu iko mlangoni. Ukikaa hapa, umemkalia mwenye maji. Mke wangu alijenga hivihivi, sasa anakunia nazi chumbani kwetu."

"Anasema nini?" mzungu aliuliza.

Askari alitafuta neno la Kifaransa la kibao cha kukunia nazi, akalikosa. "Anasahau mahali pa mbuzi, kamanda."

"Mbuzi? Ndani ya jiko?"

"Ndiyo, kamanda. Kila siku."

Mzungu aliikunja kalenda, akamrudishia Echat kwa ncha za vidole, akaamuru gogo liondolewe. Echat alicheka kuanzia Itsandra hadi Moroni, na kila kicheko kilipopoa aliibana kalenda kifuani.

Nyumbani alimweleza mumewe yote, kisha akachukua mkaa, akalichora jiko la Houmadi uani kwa ukubwa wake halisi. Pembeni yake akachora lile la Djaanfar, na meza na viti vinne vya kweli akavipanga katikati.

"Kaa ukune nazi," alimwambia, akimpa mbuzi.

Djaanfar alikaa katika jiko lake. Mguu mmoja uliingia chini ya kiti, mwingine ulitoka nje ya ukuta. Akahamia la Houmadi. Hapo akawa ameziba mlango, kama askari alivyosema. Alizunguka uani na mbuzi wake kwa nusu saa, nazi mkononi, akikaa na kuinuka, mpaka majirani wakaja kutazama.

"Hapa!" alipaza sauti hatimaye. Alikuwa amekaa nje ya mstari wa ukuta wa nyuma. "Tusukume ukuta hatua moja na nusu. Kibaraza kidogo cha ndani, na dirisha juu yake. Mwanga unao, upepo unao, na vifuu unatupa uani bila kuinuka."

Echat alikaa mahali pale. Alinyoosha miguu, na haikugusa kitu. "Baba Sitti," alisema, "hili dirisha hata fundi hakuliwaza." Djaanfar alijifanya anafuta mkaa mikononi, lakini alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

Houmadi alipofika aliutazama mstari mpya, akaongeza fundo kwenye kamba yake. Alijenga kwa siku ishirini na mbili. Ijumaa ya kwanza baada ya saruji kukauka, Bahiat alivuka kutoka Mutsamudu, akaingia jikoni pamoja na shangazi Moinafouraha, Echat na Sitti. Walipikia watu thelathini. Bahiat alilalamika kwamba rafu ya viungo iko juu mno, na ni kweli ilikuwa juu. Shangazi alikalia kibaraza akakuna nazi kumi na mbili akiimba. Meza ya Djaanfar iliwekwa barazani, naye akaketi hapo na Houmadi, wakila kile walichopelekewa.

Katikati ya shughuli Sitti alimwona mama yake amesimama tu, mwiko mkononi.

"Mama, moshi?"

"Hapana," Echat alisema, akijifuta macho kwa leso. "Moshi hamna kabisa. Sogea nipite na chungu."