Dakika Tisa za Mama

Wasapu ilipoingia, mama yake seremala hakuwa na habari nayo. Ilikuwa ya maandishi, na yeye shule aliisikia kwa jirani. Ulipokuja ujumbe wa sauti, mama akapata mdomo. Zikafuata alama za bluu za kuonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa. Mwishowe kikaja kitufe cha kuharakisha sauti, na hicho ndicho seremala alichokipenda.

Maana mama hakuwa mtu wa kuliparamia neno. Kwanza salamu: mkwe, wajukuu mmoja mmoja, mafundi wote wa karakana. Jambo lenyewe lilikuja mwisho, kama adabu inavyotaka.

Wiki ile mama alikuwa hospitali. Sukari ilikuwa imeula mguu wake, na ilikuwa haijaamuliwa kama utakatwa. Jumatatu ikaingia sauti ya dakika tisa. Seremala, randa mkononi, akaiweka mwendo wa mara mbili.

"Mama yako leo anafukuzwa na nyuki?" fundi wa rangi akamtania.

"Acha tu. Dakika ya pili hii, bado yuko kwa wajukuu." Akazima. "Kukiwa na neno, dada atapiga simu."

Hakupiga mtu. Ijumaa alipofika hospitali, alikuta shuka limelala bapa pale palipokuwa na mguu.

"Mmemkata mama bila kuniambia?" akamfokea dada yake.

"Hukuambiwa? Kaka, usinichekeshe. Mama alikataa kutia dole gumba kwenye fomu ya kukatwa mpaka useme wewe. Nilitaka kukupigia, akanikataza. Eti haya ni ya mama na mwanawe mkubwa. Akakutumia sauti mwenyewe, mimi nimekaa hapa hapa."

Mama akafumbua macho.

"Nilikwambia, baba, ukisema nisikatwe, sikatwi. Ukinyamaza, nitajua umekubali. Kile kialama cha kipaza sauti kwenye simu kikageuka bluu naona. Nikasema, amesikia. Siku mbili nzima simu iko kifuani. Ukanyamaza."

"Si ulisikia?" dada akauliza, macho makavu.

Kusema hakusikiliza kulimshinda seremala.

"Nilisikia, mama. Niliona bora wakate."

Mama akamtazama.

"Mimi nilidhani utakataa," akasema, kisha akageukia ukutani.