Kioo Chenye Mpini wa Bluu

Mdomoni mwangu yamebaki meno manne, na mwanangu ni daktari wa meno. Cheka tu, wote hucheka. Wagonjwa walipokuwa wakinikuta pale mezani, mbele ya kliniki yake, na daftari la miadi mkononi, nikiwatabasamia, wengine walitamani kugeuza njia. Nikawa nawaambia, "Msiogope, mengine yaling'oka kabla binti yangu hajaanza kusoma."

Kazi hiyo nilijipa mwenyewe. Nilikwenda siku moja kumpelekea chakula, nikakaa, sikuondoka tena. Shule yangu ya msingi ilinitosha: naandika jina, naandika saa, namwita mtu aingie. Binti yangu alinipa sharti moja. Kila ukurasa wa daftari alipiga mstari mwekundu, kuanzia saa sita mpaka saa saba.

"Hapo usiandike mtu, mama. Hapo nakula, nanyoosha mgongo, na muuguzi naye anakwenda kula."

"Nimesikia, mwanangu."

Nilisikia kweli. Masikio bado ninayo yote mawili.

Ila watu! Watu waliokuwa wakinipita kama kigogo cha mti, sasa wanakuja mpaka mezani: "Shikamoo, mama daktari." Mama daktari! Lile jina lilinipanda kichwani. Mtu akishika shavu tu na kuniita hivyo, penseli yangu imeshachongwa. Nikawa naandika kwa penseli, hafifu, juu ya ule mstari mwekundu, halafu jioni nafuta. Binti yangu akala amesimama, siku nyingine asile kabisa. Jioni nilimwona akiukamua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto kama nguo iliyotoka kwenye beseni, nami nikamwambia, "Pole, mwanangu, kazi ndivyo ilivyo." Mimi huyo huyo.

Sasa, humo ndani wana desturi yao. Kabla sindano ya ganzi haijaingia, muuguzi humpa mgonjwa kioo cha mkononi chenye mpini wa bluu. Mgonjwa ajitazame, aweke kidole chake mwenyewe juu ya jino linalomsumbua, na daktari aone. Kidole kwanza, koleo baadaye. Hawaruki hilo hata kwa mtoto.

Siku hiyo saa sita imeshapita, akaingia fundi cherehani wetu, yule aliyenishonea gauni la mahafali ya binti yangu.

"Mama daktari, gego linanipiga nyundo."

"Fundi, saa hizi ni mapumziko."

"Ningekaa na mimi kwenye mapumziko, ungekwenda mahafali uchi."

Nikacheka mpaka nikashika penseli. Nikachungulia ndani, binti yangu ndiyo kwanza amefunua bakuli.

"Nani tena, mama?"

"Mmoja tu. Ni mtu wetu."

Akafunika bakuli. Muuguzi alikuwa ameshatoka. Nikasikia droo zikifunguliwa na kufungwa, kisha sauti ya binti yangu: "Hivi kioo kimewekwa wapi?"

Nilijua kilipo. Kilikuwa kwenye droo yangu mimi. Asubuhi nilikichukua nifunge kitambaa changu cha kichwa, maana mama daktari hawezi kukaa mbele za watu kitambaa kimekwenda upande. Nikataka kuinuka. Lakini kwenye benchi palikuwa na mama mmoja anayesubiri saa saba, ananisifia, "Binti yako hana mikono, ana pamba," nami nilitaka kusikia sifa zinaishia wapi.

Ndani binti yangu akasema, "Haya, fundi, nionyeshe hivyo hivyo."

Fundi akaonyesha kwa kupapasa. Magego mawili yaliyokaa jirani, yote yana tundu. Likang'olewa moja.

Siku ya tatu fundi akarudi ameshika shavu lile lile. Binti yangu akamwangalia sana, kisha akakaa kwenye kile kiti chake cha kuzunguka, akavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Fundi, nimekutoa jino ambalo ningeweza kuliziba. Linalouma bado lipo. Kosa ni langu."

"Hata mimi nimewahi kukata suruali ya mtu nikidhani ni ya mwenzake," fundi akasema. "Nikamshonea nyingine." Alitaka kumpoza, maskini. Hakuona alipompiga: jino halishonwi jingine.

Kuanzia hapo binti yangu hakung'oa tena. Fundi na wengine wa kung'olewa akawaandikia waende hospitali kubwa. Fundi akagoma, akasema atamsubiri. Nilimwona binti yangu akilishika koleo, mkono ukatetemeka, akalirudisha kwenye sinia. Wiki ilipokatika akaniambia, "Nataka kufunga, mama. Mikono yangu haifai."

Nikaweka kijiko chini, na uji ndicho chakula pekee ninachokimudu.

Kesho yake saa sita nikamfuata ndani.

"Mwanangu, fundi nilimwandika mimi juu ya mstari mwekundu. Na wengine wengi kabla yake."

"Najua."

"Unajua?"

"Unafuta kama unakuna upele, mama. Karatasi zimetoboka."

"Mbona hukunikataza?"

Akageuza uso. "Ningeanzaje? Tangu nizaliwe sijakuona umekaa mahali kwa raha kama pale mezani."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nusu ya msamaha nilikuwa nimeshaupata, na nusu ingenitosha kuzeekea. Lakini aliendelea kuitazama mikono yake kama vitu vya kuazima. Nikaenda kwenye droo yangu, nikarudi, nikamwekea kioo mapajani.

"Kilikuwa kwangu. Ulipokitafuta, nilikusikia."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mwanangu. Nilikuwa nasifiwa."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alichukua pamba yenye spiriti, akakifuta kile kioo mbele na nyuma, mpini pia.

"Toka mezani, mama."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Fundi aliporudi kwa lile gego lenyewe, nikaitwa ndani nimwambie kwa kinywa changu. Nikamwambia. Akasema, "Kumbe jino langu limeliwa na kitambaa!" Muuguzi akacheka. Binti yangu hakucheka, wala hakuniangalia. Akampa fundi kioo, fundi akaweka kidole, naye akashika koleo. Nilisimama mlangoni nikiuangalia mkono ule tu. Ulitulia.

Siku hizi kioo kimefungwa kwa kamba kwenye kiti cha wagonjwa. Daftari analo muuguzi. Mimi napeleka chakula saa sita, kisha natoka nakaa kwenye ngazi, nje ya mlango. Mtu akija na shavu lake namwambia, "Daktari anakula." Akinibembeleza namwonyesha meno yangu manne, anasubiri.

Fundi hupita akitafuna upande mmoja. "Shikamoo, Mama Kioo," ananiambia.

"Marahaba," naitikia, na nageuza sikio mlangoni nisikie kama kijiko bado kinagonga bakuli.