Nyumba Tuliyoificha Mno

Vumbi jekundu limeinuka kwenye mteremko wa Buger, na mimi naogopa. Asubuhi lilikuwa chini kule, kama la ng'ombe wachache wanaokwenda kunywa. Sasa nalisikia katapila lenyewe. Linakuja, linakata udongo, linakuja.

Nakuogopea wewe, nyumba ya babu. Babu alikuchimba ubavuni mwa kilima, akakuezeka kwa udongo, akapanda majani juu yako, ili wezi wa ng'ombe wapite wasikuone. Na kweli walipita. Walikanyaga paa lako, na chini kina mama wamewaziba watoto midomo, moto umezimwa. Mama yangu, Rozalia, alizaliwa humo. Zilikuwapo nyingi za namna yako hapa kijijini. Umebaki peke yako.

Mwaka jana walikuja wapima barabara. Watu wa heshima tu, wakauliza vitu vya kale viko wapi, wavikwepe. Wakaonyeshwa kanisa la kwanza, wakaandika. Wakaonyeshwa kaburi la katekista, wakaandika. Wakafika kwetu. Mama alikuwa amesimama juu ya paa lako, jembe mkononi, na mgeni akiuliza yeye ana jibu moja, alilofundishwa na baba yake kabla hajaota meno yote.

"Hapa hakuna kitu, baba. Majani tu."

Nami nilikuwa mnadani Karatu, ole wangu. Niliporudi nilikuta kigingi cha barabara kimepigiliwa katikati ya paa. Nimekwenda ofisini kwao, nimerudi, nimekwenda tena. Wananiambia kwenye ramani pale ni malisho. Mama yangu huyu, jamani. Tumekuficha vizuri kupita kiasi, na leo tunakupoteza. Hasira ninazo, ila hofu imezimeza.

Naogopa, nyumba. Katapila limepita shamba la jirani yetu Modest, mahindi yamelala. Namtafuta Mama nimshike mkono tuondoke. Simwoni uani. Simwoni jikoni.

Kisha nauona moshi. Unatoka ardhini, katikati ya majani, mweupe, mzito, mchana kweupe. Mama yuko humo ndani, na amewasha moto.

Nakimbia. Napunga kanga, naita. Chuma cha mbele kimeshainuliwa juu ya kigingi. Dereva anauona moshi, anazima injini. Anashuka, mtu mzima mwenye mvi. Anapiga magoti kwenye majani na kuita chini.

"Hodi humo. Kuna mtu?"

Namjua Mama: kiganja kiko mdomoni, mwili wake umefundwa hivyo. Jibu, mama yangu. Nakuomba, safari hii jibu.

"Tupo," anasema Mama kutoka chini. "Tupo wengi."