Ng'ombe wa Padri Bernado

Mwaka 1956, katika sekondari moja ya misheni karibu na Musoma, Padri Bernado alitufundisha tabia njema kila Jumatatu. Mwezi ule somo lilikuwa ukweli, na aliapa kwamba mwongo atafunga sanduku arudi kwao. Mimi Twalib, mtoto wa fundi cherehani wa Bunda, Mwislamu katika shule ya Wakatoliki, nilijikalia kimya. Mgeni hajitii kimbelembele.

Aliyeponzwa ni rafiki yangu Ryoba. Jioni moja alikuwa na zamu ya kuchunga, ng'ombe wa shule wakiwa bado wanaingia zizini, Padri akamsimamisha langoni, mimi nimesimama ubavuni mwa Ryoba.

"Umerudisha wangapi?"

"Wanaingia, Padri."

"Nauliza wangapi! Juzi pia ulinizungusha hivi hivi. Taja idadi, au kesho uondoke."

Nilimkanyaga mguu, nikamnong'oneza, "Kumi na saba!" Mimi mtoto wa mjini nilikuwa nimeshawahesabu zamani. Lakini kichwa ngumu yule akanisukuma.

"Kwetu ng'ombe hawahesabiwagi, Padri. Ni kuwaitia mabaya. Sijawahesabu hata siku moja. Nikitaja namba ya Twalib, nitakuwa nadanganya."

Kesho angeondoka kwa kukataa neno moja tu!

"Sasa akipotea mmoja utajuaje?" Padri akafoka.

Ng'ombe wa mwisho alikuwa ameshaingia. Ryoba akatupa jicho zizini, mara moja tu. "Kijivu hayupo. Yule wa pembe iliyovunjika."

Alishatimua mbio kurudi malishoni. Tukamfuata, Padri amekunja kanzu mpaka magotini. Kijivu tulimkuta kwenye matete, analamba ndama aliyezaliwa muda huo huo. Ryoba akambeba ndama mabegani. Padri aliteleza akakaa kwenye matope, akacheka mpaka tukasahau kumwogopa.

Zizini akamgeukia Ryoba. "Wamerudi wote?"

"Wote, Padri. Na mtoto."

"Basi Jumatatu utafundisha wewe."

Nilidhani ni utani. Jumatatu Padri akaja kweli, akabanana nasi kwenye benchi, magoti yakigota dawati. Ryoba, jasho likimtiririka, akauliza swali lake la kwanza.

"Mtu akiulizwa asilolijua, ajibu nini?"

Padri akanyoosha mkono kama sisi, akasimama.

"Aseme hajui, Mwalimu. Na mimi sikujua. Unisamehe."